Trela mbili nyuma ya gari moja: akiba inayoweza kukuzamisha

Ukitaka kupeleka jetiski Manda, barabara itakufikisha Mokowe tu. Hapo gari linabaki bara, na safari iliyosalia ni ya baharini. Hakuna daraja la kuingia kisiwa hicho. Hata uwanja wa ndege unaohudumia Lamu uko Manda, na abiria akishashuka kwenye ndege bado lazima apande boti ndipo aone mitaa ya Amu au Shela. Mambo ni hayo tangu zamani: mji wa kale wa Manda ulikuwa ukipokea bidhaa za Ghuba ya Uajemi tangu karne ya 9, na zote zilifika kwa chombo.

Mzigo wa siku hizi ni tofauti kidogo. Jetiski, zile pikipiki za majini, zimekuwa biashara kwa vijana wa Pwani, na mwenye nazo huzifuata pesa popote wageni walipo. Likizo ikikaribia, hesabu inaanza. Tuseme wewe na rafiki yako mna jetiski mbili na trela mbili, kila moja ya chombo kimoja. Gari ni moja. Kutoka Mombasa hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 300. Sasa wazo linakuja lenyewe: mbona tusifunge trela ya pili nyuma ya ile ya kwanza, tuchome mafuta mara moja?

Si wazo la kijinga. Ni wazo la mtu aliyebanwa na bei ya mafuta. Hata hivyo, msimamo wetu ni mmoja: usifanye hivyo. Na kwa vile "usifanye" bila sababu haijawahi kumzuia kijana yeyote, hizi hapa sababu.

Tuanze na jambo ambalo huwachanganya wengi. Uzito wenyewe si tatizo. Jetiski ya watu watatu ina kilo 350 hivi, na ukijumlisha mafuta na trela yake unakaribia nusu tani. Mbili ni kama tani moja. Land Cruiser au pikapu yoyote yenye nguvu itavuta tani moja bila kuhema. Ndiyo maana mtu akijaribu mara ya kwanza, akazunguka mtaani na kurudi salama, anaamini kuwa waliomkanya ni waoga.

Kumbe kuvuta ndiyo kazi rahisi. Kazi ngumu ni kusimama. Trela nyingi ndogo za jetiski hazina breki zake zenyewe. Unapokanyaga breki, gari peke yake ndilo linalozuia kila kitu kilichoko nyuma. Na mwendo hauongezi hatari kidogo kidogo: ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, nguvu ambayo breki zinapaswa kuizima haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Punda akikatiza barabara pale Witu, hatangoja wewe upunguze mwendo taratibu.

Jambo la pili ni kuyumba. Trela hukaa imara kwa sababu sehemu ya uzito wake, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15, hulalia kiungo cha nyuma ya gari. Ukichomelea kiungo kingine nyuma ya trela ya kwanza, ile ya pili itakilalia hicho. Uzito unaokandamiza mkia wa trela huinua mdomo wake, kama mbea ya watoto kiwanjani. Trela ya kwanza inapungukiwa na ule uzito uliokuwa ukiituliza. Sasa lori likupite kwa kasi, upepo ukupige ubavuni, trela ya mwisho itaanza kucheza kulia na kushoto, itaichezesha ya mbele, na zote mbili zitaanza kuliendesha gari. Hapo dereva ni abiria tu. Isitoshe, fremu ya trela ndogo ilitengenezwa ivutwe. Haikutengenezwa ivute.

Mtu atauliza: mbona malori yanavuta trela kubwa kila siku? Yanavuta, ndiyo, lakini kila trela ya lori ina breki zake zinazofanya kazi pamoja na za lori, viungo vyake vilipimwa kwa kazi hiyo, na dereva anatakiwa kuwa na leseni ya daraja lake. Usilinganishe mtambo huo na kipande cha chuma kilichochomelewa jana jioni kwa fundi wa jua kali.

Jambo la tatu ni kurudi nyuma. Kurudisha nyuma trela moja ni ujuzi unaochukua siku kadhaa kuupata. Trela mbili zina maungio mawili, na kila moja hupinda upande wake. Ukikosea kidogo zinakunjana kama kisu cha mfukoni. Sasa ifikirie barabara yenyewe. Kipande cha Gamba hadi Witu kina historia ya mashambulizi, na magari yamezoea kusafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Mwezi wa Novemba 2023, mafuriko ya mto Tana yaliikata barabara hiyo eneo la Lango la Simba na wasafiri wakakwama. Ni barabara ambayo siku yoyote unaweza kuambiwa: geuza, rudi ulikotoka, tena haraka. Mwenye trela mbili hageuzi haraka. Atashuka, afungue, asukume kwa mikono, na nyuma yake msafara mzima unamngoja.

Na ukifika Mokowe salama, bado una kazi ya kushusha chombo majini, na kazi hiyo hufanywa kinyumenyume, kwenye mteremko uliolowa na kuota mwani. Kenya inajua mteremko wa namna hiyo unaweza kufanya nini. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye kivuko cha MV Harambee pale Likoni, na mama na binti yake wakafariki. Lilikuwa gari tupu, halikuwa na trela hata moja.

Kuhusu sheria, trela si kifurushi. Ni chombo kinachosajiliwa kivyake, ndiyo maana nambari zake zinaanza na herufi Z. Nchini Uingereza gari la kawaida haliruhusiwi kuvuta zaidi ya trela moja. Nchini Marekani kila jimbo lina msimamo wake: mengine yanaruhusu mbili kwa masharti, mengine yanakataa kabisa. Kwa hiyo ile video uliyoona mtandaoni, ya jamaa anayepita barabara kuu na msururu wa trela, haikupi ruhusa yoyote hapa. Kabla ya kufunga chochote, waulize NTSA, kisha uisome karatasi yako ya bima yote, hadi yale maandishi madogo. Siku ya ajali ndiyo yatakayosomwa.

Tuje majini sasa, maana ukishaziacha trela Mokowe, tabia ya kufunga viwili nyuma ya kimoja inakufuata. Mabaharia wetu wana neno lao kwa kazi hii: kufungasa. Chombo kimoja kinakivuta kingine kwa kamba, na mashua imekokota kihori nyuma yake tangu enzi za mababu. Lakini kihori ni chepesi, na mashua inakwenda polepole. Jetiski mbili nyuma ya boti lenye injini kali ni habari nyingine.

Jetiski hupozwa kwa maji ya bahari. Injini ikiwa inafanya kazi, maji hayo huingia, hupoza, kisha hutolewa nje pamoja na moshi. Ikivutwa injini ikiwa imezimwa, na mwendo ukiwa mkubwa, maji huendelea kusukumwa ndani na hakuna moshi wa kuyatoa. Yanajaa hadi yanaingia kwenye injini. Unafika Manda na chombo kilichokufa, na wala hukupata ajali yoyote. Ndiyo maana watengenezaji hushauri jetiski ivutwe kwa mwendo usiozidi kilomita 8 kwa saa, au mpira wa maji ya kupozea ubanwe kabla ya kuvutwa. Ukiubana, kumbuka kuuachia kabla ya kuwasha, la sivyo utaiunguza injini.

Zikiwa mbili, ongeza hatari nyingine. Boti halina breki. Ukipunguza mwendo ghafla kuepuka mashua iliyokatiza mkondo, jetiski zinakuja zenyewe: zinagongana, zinagonga tezi la boti, na kamba iliyolegea inaingia kwenye rafadha. Hapo unabaki unaelea na vyombo vitatu visivyo na injini. Mkondo wa Amu una boti za abiria, mashua za wavuvi na watoto wanaoogelea. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa mita tatu hivi, na yanapokimbia yanakimbia kweli. Kusi ikivuma, hapo si pahali pa kufanyia majaribio.

Basi kijana afanye nini, aachane na biashara? Hapana. Njia zipo.

Ya kwanza, tumia trela moja iliyoundwa kubeba jetiski mbili ubavu kwa ubavu. Trela za aina hiyo zipo, na fundi mzuri anaijua kazi hiyo. Ina kiungo kimoja na inarudi nyuma kama trela yoyote. Lakini usikubali kuichukua bila breki zake yenyewe, taa zinazowaka na mnyororo wa akiba. Ukiwa na mwenzako, uzeni zile trela mbili ndogo mnunue moja pana. Ya pili, kama bado hamna uwezo huo, nendeni safari mbili au mkodi gari la pili mgawane gharama. Ya tatu, mkifika Mokowe, ziendesheni jetiski zenyewe hadi Manda, kila moja na dereva wake anayejua mkondo, jaketi ya kuokolea maisha mwilini, mchana, na maji yakiwa yamejaa.

Tunao ujumbe kwa wakubwa pia. Mamlaka ya Masuala ya Baharini, KMA, ndiyo inayokagua na kutoa leseni za vyombo vidogo. Isingoje ajali ndipo ifike Lamu na kanuni mkononi. Ije kabla ya msimu wa wageni, iketi na vijana kwenye gati, iwafundishe kuvuta, kushusha na kuokoa, kwa Kiswahili wanachokielewa. Nayo serikali ya kaunti ihakikishe kuwa wanaoshusha vyombo vidogo Mokowe wana mteremko wa zege uliokwaruzwa ili tairi zishike, unaosafishwa mwani, na ulio mbali na abiria. Huwezi kumlaumu kijana kwa kubahatisha ikiwa kila kitu kinachomzunguka ni cha kubahatisha.

Lakini hata hayo yote yakifanyika, uamuzi wa mwisho ni wako wewe unayeshika usukani. Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa kikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake, na watu 272 wakafa. Kila mmoja wao alitaka tu kuvuka haraka, asingoje safari nyingine. Tamaa ya kuokoa safari moja ndiyo hiyo hiyo, iwe ni kivuko kilichojaa watu au trela mbili kwenye barabara ya Witu.

Injini yako itavuta, hilo hatubishi. Kabla ya kuondoka, jiulize kama unaweza kuusimamisha mzigo huo wote ghafla, na kama unaweza kuurudisha nyuma. Ukisita kwa lolote kati ya hayo mawili, fungua trela ya pili uiache nyumbani. Manda haihami. Utaikuta kesho.