Daftari la Wiki: Sukari ya ORS ina kazi gani?

Mvua zikinyesha, watu wa Tandale na Mbagala jijini Dar es Salaam wakaanza kutapisha vyoo, hofu ya kipindupindu hurudi. Mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni, kisha ukaenea nchini. Katika maduka ya dawa ya mitaa hiyo ipo pakiti ya ORS, dawa ya kunywa ya kurudisha maji mwilini, yenye chumvi ya kawaida gramu 2.6 na glukosi gramu 13.5 za kukorogwa kwenye lita moja ya maji. Wengi huamini sukari hiyo ni ya kumtia mgonjwa nguvu. Mimi nasema kazi yake kubwa ni nyingine: inaipitisha chumvi kwenye utando wa seli, na chumvi inavuta maji.

Utando huo hauruhusu chumvi ipite ovyo. Ndani yake mna pampu, iliyogunduliwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, ambayo kwa kila molekuli ya ATP, inayobeba nishati ya seli, hutoa nje ioni tatu za sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, na kuingiza mbili za potasiamu. Ni sawa na kupandisha maji kwenye simtanki: gharama imeshalipwa, na hata umeme ukikatika bomba linaendelea kutoa. Sodiamu iliyobaki nje husukumwa kurudi ndani, na mwaka 1960 Robert Crane alieleza jijini Prague kwamba kwenye utumbo huingia ikiwa imefuatana na glukosi, kupitia protini moja. Sumu ya kipindupindu huifanya seli imwage kloridi na maji, lakini protini hiyo haiigusi. Ndiyo maana mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis alipoishiwa dripu alitumia maji ya chumvi na sukari, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Mtu atauliza: kama sukari inasaidia maji kuingia mwilini, si bora soda? La. Sukari inayozidi uwezo wa protini ile hubaki utumboni, ikanyonya maji kutoka mwilini na kuzidisha kuhara. Kwa sababu hiyo, mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza glukosi kutoka milimoli 111 hadi 75 kwa lita, ikawa sawa na sodiamu. Mwingine atasema dripu ndiyo tiba. Kwa aliyezidiwa, asiyeweza kunywa, ni kweli, na awahishwe hospitali. Lakini anayeweza kunywa, utumbo wake bado unapokea. Wa tatu atasema dawa halisi ni maji safi na vyoo bora. Simpingi, ila mgonjwa wa leo hawezi kusubiri mtaro uchimbwe. Anachohitaji ni kipimo sahihi, na anayejua sababu yake hatamimina pakiti nzima kwenye glasi moja.