Jaji Akiomba Kura Malili, Nani Atalipia Mabango?

Kila jaji akitoa uamuzi wenye watu hawapendi, komenti ni ile ile: "Si hawa pia tuwe tunawapigia kura?" Inasikika poa. MCA tunamchagua, gavana tunamchagua, mbona jaji asikuje sokoni kujieleza kama wengine?

Mimi nasema zii. Na sababu ziko hapa hapa nyumbani.

Kwanza, hiyo kitu ipo. Kule Texas, Marekani, majaji wa mahakama za wilaya wanagombea kwa tiketi ya chama. Wanachangisha pesa, wanapiga kampeni, na baada ya miaka 4 wanarudi kuomba kura tena. Wakili anaweza kukuchangia leo, kesho asimame mbele yako na kesi.

Sasa leta hiyo Malili. Tangu serikali inunue ekari 5,000 za Malili Ranch ili kujenga Konza, ploti za huku watu wanazing'ang'ania kama nini. Jaji akigombea, nani atalipia mabango, fulana na mafuta ya gari? Si susu yako mwenye ekari mbili na karatasi za marehemu mume wake. Ni wale wenye pesa za kununua ardhi kwa mkupuo. Halafu siku susu ameenda kortini kudai kashamba kake, anakuta jaji ni mtu wa timu ya nani? Jijibu.

Lakini msidhani njia yetu haina shida. Katiba ya 2010 inasema Tume ya Huduma za Mahakama, ile JSC, inahoji watu, inapendekeza majina, Rais anateua. Kuwa jaji wa Mahakama Kuu unahitaji angalau miaka 10 ya kazi ya sheria. Simple. Ila 2019 JSC ilipeleka majina 41 na Rais Uhuru Kenyatta akayakalia. Mwaka wa 2020 Mahakama Kuu ikasema Rais hana ruhusa ya kuchuja hiyo orodha. Bado akangoja. Juni 2021 akateua 34. Mmoja alikuwa ameshafariki. Sita wakaachwa nje.

Kati ya hao sita kulikuwa na George Odunga, aliyekuwa anaketi jirani hapa Machakos, na Joel Ngugi. Wote walikuwa wanangoja kupanda Mahakama ya Rufaa. Sasa sikia hii: Mei 2021, kabla ya hiyo orodha kutoka, hao wawili walikuwa kati ya majaji watano waliosimamisha BBI, mradi wa Rais mwenyewe. Faili yao ya kupanda cheo iko mezani kwake, na bado wakamwambia hapana.

Unajua mbona waliweza? Cheo kipya walikikosa, lakini kazi yao hakuna mtu angewanyang'anya. Jaji wa Kenya anakaa hadi miaka 70, na Rais hawezi kumfuta akiamka na hasira. Septemba 2022, Rais mpya William Ruto aliwaapisha wote sita. Jaji wa kura hana hiyo kinga. Akikosana na wenye nguvu au na umati, uchaguzi ukifika anaenda nyumbani, kwa hivyo atakuwa anahesabu kura kabla ya kuandika uamuzi.

So shida yetu si kukosa kura. Shida ni Rais kukalia majina, na sisi kunyamaza akiyakalia. Mahojiano ya JSC yanafanyika hadharani, mengine laivu kabisa. Majina yanatangazwa mapema, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuandika maoni yake kuhusu mtu anayetaka kuwa jaji. Mwaka wa 2011 Willy Mutunga, mtu wetu wa Kitui, aliulizwa hadi kuhusu kipuli cha sikio mbele ya nchi nzima. Hakukitoa, na akawa Jaji Mkuu.

Mimi niliacha kampasi, lakini kutazama mahojiano na kuandika ukurasa mmoja hakuhitaji digrii. Kama unamjua anayehojiwa, kama alishawahi kusikiliza kesi ya shamba lenu vizuri au vibaya, andika, weka ushahidi, tuma. Hiyo ndiyo kura yako. Na haihitaji fulana ya mtu.