POSTA YA FAMILIA: Mbegu za nyumbani ndani ya bahasha

Salamu kutoka Kigali, huku Kimisagara. Mvua imeanza na matope yametufikia mlangoni. Nyinyi mnaonisoma Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa na Mahama, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Juzi nilipigiwa simu na kijana wa ajansi ya basi pale Nyabugogo. "Mama, iko koli yako huku, kuja uchukue." Nilipoifungua nikakuta kitambaa cha kitenge kimefungwa fundo, na barua. Anayeandika ni mama mmoja wa Kigeme. Binti yake yuko Marekani na watoto wanne, na analalamika kwamba mboga za dukani hazina ladha. Anataka lenga-lenga ya kwao. Mama anasema: "Nimesikia weye uko karibu na posta. Nitumie hii mbegu, uifiche vizuri ndani ya nguo wasiione."

Mama yangu, nimecheka, halafu nikanyamaza. Hilo la kuficha ndani ya nguo nililifanya mimi mwenyewe, na ninyi wote mtanisamehe nikiwasimulia, kwa sababu sijawahi kuliandika.

Mama yangu mzazi alitoka Masisi na maharage ya kupanda kwenye miti, yale marefu yenye rangi ya zambarau yenye madoa. Alivuka nayo mpaka kwenye pindo la kitenge. Tulipofika Gihembe aliyapanda kwenye kaupande kadogo nyuma ya nyumba, kadogo kuliko mkeka, na kila msimu alikuwa anatenga ya kula na ya mbegu. Mbegu haikuguswa hata tukilala njaa. Mwaka 2017 mdogo wangu wa Kentucky aliniomba. Nikachukua yote, nasema yote, kopo zima, nikaitia ndani ya viatu vya watoto, juu yake nikaweka vitenge viwili. Kwenye karatasi ya forodha nikaandika "nguo na viatu". Nilijiona mjanja.

Koli ilifika baada ya miezi kama mitatu. Viatu vilikuwemo, vitenge vilikuwemo. Maharage hayakuwemo. Badala yake kulikuwa na karatasi inayosema kwamba koli imefunguliwa na vitu vya mimea vimetolewa. Kuvirudisha, hawarudishi. Vinateketezwa.

Mama alikuwa anauliza kila wiki, "Maharage yameota?" Mdogo wangu akamwambia kwenye simu kwamba yameota. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, sikusema neno. Mama alifariki 2020 akijua kwamba maharage yake yamepanda miti huko Marekani.

Basi nisikilizeni.

Wale wakaguzi si watu wabaya. Nilipokuwa na hasira niliwaita wezi, lakini sisi watu wa Kivu tunapaswa kuwaelewa kuliko wengine. Nani aliyeishi Masisi asiyekumbuka ugonjwa wa migomba ulioonekana kule tangu 2001, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani unaona njano na ute? Hapa Rwanda wanauita kirabiranya, na ulithibitishwa 2005. Mtu alibeba chipukizi la mgomba kumpa ndugu yake zawadi, au panga lililokata mgomba mgonjwa likakata na mzima. Na mahindi je? Ule ugonjwa wa kukausha mahindi ulionekana Bomet, Kenya, mwaka 2011, na kufikia 2013 ulikuwa umefika Rwanda. Unabebwa na vidudu, lakini mbegu pia inaweza kuubeba. Mbegu unaiona safi kwa macho, kumbe ina mgonjwa ndani yake. Ndiyo maana nchi zilikubaliana tangu 1951 kwenye mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea, na kutokana nao mmea unaovuka mpaka unatembea na karatasi yake kama sisi tunavyotembea na zetu.

Karatasi hiyo ni cheti cha afya ya mimea. Hapa Rwanda inatolewa na RICA, mamlaka ya ukaguzi iliyoundwa kwa sheria ya 2017. Mkaguzi anaangalia mbegu zenyewe, kwa hiyo usizifunge na kuzigundisha kabla hajaziona. Usijaribu kutumia cheti cha mwenzio wala cha mwaka jana. Kinatolewa kwa mzigo ule ule na kwa nchi ile ile unayotuma.

Sasa, ukweli ni kwamba sheria ya kuangalia kwanza ni ya kule mbegu inakokwenda. Wenye watoto Ulaya, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya: tangu tarehe 14 Desemba 2019 mbegu yoyote ya kupanda inayotoka nje inahitaji cheti, hata ikiwa kijiko kimoja ndani ya barua, hata ukiibeba mwenyewe kwenye begi. Matunda matano tu yaliachwa huru: nanasi, nazi, ndizi, tende na lile linaloitwa duriani ambalo sijawahi kuliona. Wenye watu Australia, kule ni wakali mno. Mtoto wako aulize kwanza kabla wewe hujatia mkono kwenye kopo.

Marekani wana mlango mdogo uliofunguliwa kwa watu kama sisi, na ndio ninaotaka mama wa Kigeme ausikie. Wizara yao ya kilimo inatoa kibali cha mbegu kidogo. Anayeomba ni yule anayepokea, si wewe. Binti yako anaomba kwa intaneti, na akikipata, mbegu inaweza kuingia bila cheti cha afya ya mimea, mradi ufuate masharti. Pakiti moja isizidi mbegu 50, au uzito usizidi gramu 10. Pakiti zisizidi 50 kwa mzigo mmoja. Aina moja tu kwa kila pakiti, hakuna kuchanganya. Hakuna udongo, hakuna vipande vya majani wala maganda, hakuna dawa. Juu ya kila pakiti unaandika jina la mmea, nchi ulikotoka na jina la anayetuma. Na nakala ya kibali inaingia ndani ya bahasha.

Angalieni hapo kwenye gramu 10. Kwa maharage, mbegu 50 ni kiganja kimoja. Lakini lenga-lenga! Gramu 10 za lenga-lenga ni maelfu ya mbegu, bustani ya mtaa mzima. Mama wa Kigeme, wewe una bahati.

Jina la mmea wanalolitaka ni lile la wataalamu, si letu. Lenga-lenga, ambayo hapa wanaiita dodo, ni Amaranthus. Isogi, yaani mgagani, ni Gynandropsis gynandra. Nyanya chungu, hizi intoryi, ni Solanum aethiopicum. Maharage ni Phaseolus vulgaris. Niliyaandika kwenye daftari nyuma ya namba za simu. Lakini kujua jina si kupata ruhusa: iko mimea ambayo kibali hicho hakiihusu, kwa hiyo binti aulize kwa jina kila mmea. Maharage yenyewe yanaangaliwa sana kwa sababu ya wale vidudu wanaoyatoboa kutoka ndani.

Tena, ukipewa lebo za kijani na njano pamoja na kibali, usishangae kwamba anwani iliyoandikwa siyo ya binti yako. Ni ya kituo cha ukaguzi wa mimea. Mzigo unaanzia kwao, wakiridhika ndipo wanaupeleka nyumbani kwake. Shemeji yangu aliona anwani hiyo akasema "walikosea", akaifuta na kuandika ya kwake. Shauri yake.

Kwenye karatasi ya forodha andika "mbegu za mboga, zawadi". Msiandike nguo, msiandike dawa, msiandike vyombo. Julai 2020 watu wa Marekani walianza kupokea pakiti za mbegu ambazo hawakuagiza, nyingi zikionekana kutoka China, na juu yake imeandikwa kwamba ni vito. Kufikia mwisho taarifa zilitoka kwenye majimbo yote 50. Serikali ikawaambia watu wasizipande. Sasa fikiria mkaguzi aliyepita kwenye mambo hayo anaona pakiti yako ndani ya kiatu.

Vipande vya muhogo, marando ya matembele, machipukizi ya migomba: hapana. Hivyo si mbegu, vinabeba magonjwa kama gari linavyobeba abiria, na vitaoza njiani vilevile.

Kuhusu kuandaa. Anika mbegu kivulini juu ya karatasi, siyo juu ya bati la moto. Bati linaua mbegu, utatuma maiti. Mimi nikishaanika naziweka siku chache kwenye kopo lenye mchele uliokaangwa mkavu ukapoa, maana mchele unanyonya unyevu. Lakini mchele huo utoke kabla ya kufunga! Kuna mama aliuacha ndani, na mchele nao ni nafaka. Kisha jaribu: chukua mbegu 20, zifunge kwenye kitambaa kibichi, ziweke mahali pa joto siku tano au wiki. Zikiota chini ya 10, usipoteze pesa za tembre.

Mbegu ndogo zinatoroka kwenye kona za bahasha. Kunja karatasi mara mbili, gundisha kona zote. Halafu kuna mashine ya kupiga mihuri, ile inasaga. Mbegu kubwa ukizitia kwenye bahasha ya kawaida zinafika zimekuwa unga. Weka kati ya vipande viwili vya katoni, au tumia bahasha ile yenye mapovu, na umwombe wa dirishani apige muhuri kwa mkono. Wa posta ya mjini ninayekwendaga amenizoea, ananiita "maman wa mbegu".

Lipia barua ya rejista. Utapewa karatasi yenye herufi mbili, tarakimu tisa, halafu RW. Hizo ndizo zinazofuatwa. Ipigie picha, mtumie binti yako siku ile ile kwa WhatsApp. Mimi niliwahi kuipoteza kwenye mfuko wa koti lililofuliwa, na bila namba dirishani huna la kusema.

Na uliza kwanza kama njia iko wazi. Agosti 2025 Marekani ilipobadilisha ushuru wa vifurushi vidogo, posta za nchi nyingi zilisimamisha kwa muda kupokea koli za kwenda huko. Kuna watu walipanda basi toka kambini, wakarudi na koli yao.

Kwa njia ya ndani, kutoka kambini hadi Kigali, ajansi za basi zinasaidia sana, siwezi kuwasema vibaya wote. Ila moja, jina ninalimeza, iliweka mfuko wangu wa mbegu chini ya jerikani la maziwa. Nilipofika nikakuta zimeanza kuota. Tangu hapo naomba mtu afunge kwenye kopo la bati na aandike "usiloweshe" kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Na ukitumiwa kitu kutoka nje, kumbuka posta haitakupigia hodi nyumbani. Kitakaa kwenye sanduku la yule uliyetumia B.P. yake. Barua yangu moja ilikaa wiki saba kwenye sanduku la kanisa, mwenye ufunguo alikuwa kwenye harusi, halafu kwenye matanga.

Mtauliza, na yale maharage ya mama? Kambi ya Gihembe ilipofungwa 2021 nilirudi Byumba kuaga watu. Kuna mzee mmoja Mnyarwanda, jirani, tulikuwa tunakodi kwake mistari miwili ya shamba. Nikaona maharage yamepanda miti, marefu, rangi ya zambarau na madoa. Nikasimama. Akasema, "Haya alinipa mama yako, kikombe kimoja, mwaka ule mvua ilipokosekana." Sikumbuki nilimjibu nini. Alinipa kikombe.

Hicho kikombe sijakituma popote. Nimekigawa: nusu iko kwa dada yangu Mahama, ingawa kule joto ni kali na hayafurahi sana, nyingine iko kwa rafiki aliye na shamba la mlimani, na yaliyobaki ninayo hapa. Mdogo wangu ameniomba tena. Nimemwambia aombe kibali kwanza, aulize kwa jina Phaseolus vulgaris kutoka Rwanda, na wakikubali atapata 50, si moja zaidi. Lenga-lenga nilishamtumia mwaka 2023 kwa njia hiyo ya kibali. Ilifika, na picha ninayo. Mkewe ameipanda kwenye ndoo.

Mama wa Kigeme, fundo lako nimelifungua na kupepeta. Ulikuwa na vijiti na mchanga mwingi humo ndani. Nimejaribu mbegu 20, zimeota 17. Nyingine nimeziweka kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, mbali na panya. Nusu nakurudishia kwa basi la Jumatatu, usizile. Mwambie binti yako anitumie kibali, nami nitapanga foleni.