Mzazi naye ni mwalimu

Wandugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu,

Mimi ndiye ninaandika majina ya wenye kuchelewa. Siku ya soko karatasi inajaa. Wengi wanatoka kufungua duka la baba, ao kupima kakao huko Beni. Tunawaita wavivu, hata mimi, na ni kosa. Wafanyabiashara Wanande wanaoleta mali toka Dubai na Guangzhou kupitia Kasindi, wengine hesabu walijifunza dukani kwa wazazi. Lakini huko Dubai bei haisemwi kwa Kinande! Baba alitaka niache masomo mwaka wa tano. Tulipatana: asubuhi masomo, magaribi duka. Basi musomee wazazi karatasi hii: watuachilie asubuhi. Nanyi walimu, siku ya soko mupunguze mazoezi ya nyumbani.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita