Jumba la Sultani Lililobaki Bila Mwenyewe

Katika ofisi ya parokia yetu huku Same ipo kalenda yenye picha ya jumba kubwa la mawe, lenye minara myembamba kama sindano na sanamu nyingi ukutani. Wazee washukao mlimani kuandikisha ubatizo wa wajukuu huniuliza, "Mwanangu, hilo ni kanisa la wapi?" Si kanisa. Ni jumba la baraza la mji wa Leuven, nchi ya Ubelgiji, lililojengwa tangu mwaka 1448 hadi 1469 kwa mtindo wa Kigothiki, ule ule wa makanisa makubwa ya zama zile. Sanamu zake ni 236, lakini mashubaka yake yalikaa matupu karibu miaka 400. Ziliwekwa baada ya mwaka 1850.

Swali la pili huwa hili: je, zama hizo huku kwetu hapakuwa na jumba la kutawalia? Lilikuwapo, tena lililitangulia lile la Leuven kwa miaka zaidi ya 100. Liko Kilwa Kisiwani, nalo huitwa Husuni Kubwa, na husuni asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya ngome.

Alilijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman, baina ya mwaka 1310 na 1333 hivi, juu ya genge litazamalo bahari. Siku zile dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa, na faida yake ndiyo iliyoinua kuta hizo. Bwana Neville Chittick, aliyefukua magofu hayo miaka ya 1960, aliona vyumba zaidi ya 100. Upande mmoja upo ua mpana uliozungukwa na vyumba, mahali pa bidhaa. Upande wa pili ni makao ya Sultani, pamoja na birika lenye pembe nane, na ua wa baraza wenye ngazi za mawe.

Mafundi wetu watapenda habari ya ujenzi wenyewe. Mawe ni ya matumbawe: hukatwa baharini yangali laini, kisha hewa huyafanya magumu. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Paa zilishikwa na boriti za mikoko, na boriti hizo ni fupi. Ndiyo sababu vyumba ni virefu lakini vyembamba kama ushoroba. Palipotakiwa fahari zaidi walijenga kuba. Laiti wangalipata magogo ya msitu wetu wa Shengena!

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu Sultani huyo kwa ukarimu. Asimulia kwamba alimvulia maskini mavazi yake mwenyewe. Alipokufa akatawala nduguye Dawud, naye hakuwa mtu wa kutoa.

Jumba lile halikumalizika, na watu walikaa humo muda mfupi tu. Lakini Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao Sultani huyo huyo aliupanua, ulitengenezwa tena katika karne ya 15. Mimi naona sababu ni hii: msikiti ulikuwa wa mji mzima, jumba lilikuwa la mtu mmoja. La Leuven lilikuwa la baraza, na mjumbe akifa huingia mwingine. Ila tusidanganyike, huko nako fukara hakuitwa kuketi na wakubwa.

Na sisi Wapare twalijua jambo hilo. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu waliteremka mpaka hapa Same kupinga kodi ya mbiru, iliyopangwa bila wao kuulizwa, wakapiga kambi nje ya ofisi ya serikali.

Magofu ya Kilwa yaliingizwa mwaka 1981 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yalitajwa kuwa hatarini, kwa kuwa mvua na mawimbi yalikuwa yakiyala. Baada ya matengenezo, hatari hiyo ilifutwa mwaka 2014. Walimu wenye kutaka kuwapeleka watoto washike njia ya Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, waombe kibali pale, kisha wavuke kwa mashua. Husuni Kubwa iko mbali kidogo na magofu mengine, basi wasirudi kabla ya kuifikia.