Divai Isiishie Dodoma

Taifa letu linatengeneza divai. Jambo hili bado huwashangaza wananchi wengi, na hata baadhi ya watumishi wa Serikali, ambao wakitajiwa divai mawazo yao hukimbilia Ufaransa na Afrika Kusini. Leo tunataka kulizungumzia, kwa kuwa tunaamini kwamba historia ya divai ya Dodoma ina somo kubwa kwa wakulima wa wilaya za Tarime na Serengeti, na kwa ndugu zetu wa visiwani pia.

Mizabibu ilipandwa Bihawana, Dodoma, na wamisionari wa Kanisa Katoliki kabla ya Uhuru. Ardhi ile kame, ambayo wengi waliihesabu kuwa ni ya njaa tu, ikadhihirisha kwamba inaweza kuzaa zabibu mara mbili kwa mwaka, neema ambayo mkulima wa Ulaya haipati. Baadaye umma ukawa na kiwanda chake, DOWICO, ambacho hatimaye kilikufa. Katika miaka ya 2000 viwanda vya watu binafsi vikashika nafasi yake, kikiwamo kile cha CETAWICO kule Hombolo, na kituo cha utafiti cha Makutupora kikaendelea kushughulikia mbegu na magonjwa ya zabibu.

Hata hivyo, safari hiyo haikuwa ya furaha tupu. Mara kwa mara wakulima wa Dodoma wamelia kwamba zabibu zimewaozea shambani kwa kukosa mnunuzi. Zabibu ikishaiva haiwekwi ghalani kama mtama. Mkulima mwenye mnunuzi mmoja tu hana bei. Bei anayo mnunuzi. Dawa iliyoonekana kufaa ni kusindika mapema. Wakulima na wasindikaji wadogo hukamua zabibu wakapata kile kinachoitwa mchuzi wa zabibu, wakauhifadhi katika matangi, na kuuza wakati soko linaporidhisha. Kinachomwokoa mkulima hapo ni tangi, wala si hotuba.

Sasa tuutazame mkoa wetu wa Mara. Hatusemi Tarime ipande mizabibu. Tarime ina migomba. Nyanda zake za juu hutoa ndizi nyingi ambazo hupakiwa katika malori kwenda Musoma, Mwanza na kwingineko. Lakini ndizi ni kama zabibu: ikiiva haimngoji mtu. Mlanguzi analijua hilo, naye huchelewa makusudi hadi mkulima akubali bei yoyote. Mikungu inayokosa lori huishia kuoza au kutupwa.

Ndugu zetu wa Ukerewe na Ukara hawahitaji kuelezwa hali hii kwa kirefu. Wao wamemwona sangara akivuliwa kwa jasho lao, akanunuliwa mwaloni kwa bei ya mwenye barafu, na thamani yake ikaongezeka katika viwanda vya Mwanza na Musoma. Mwenye barafu kwa mvuvi ni sawa na mwenye lori kwa mkulima wa Tarime. Anayemiliki chombo cha kuhifadhi ndiye anayepanga bei.

Ujuzi wa kugeuza ndizi kuwa kinywaji si mgeni katika nchi hii. Wachaga hutengeneza mbege kwa ndizi na ulezi. Wahaya hutengeneza rubisi kwa ndizi na mtama. Arusha, tangu miaka ya 1990, kinywaji cha ndizi kimekuwa kikitiwa katika chupa na kuuzwa madukani. Kazi yenyewe haihitaji mitambo ya kutisha. Ndizi zilizoiva hukamuliwa, maji yake yakachujwa, yakatiwa hamira na kuachwa yachachuke katika chombo safi kilichofungwa. Kisha huchujwa tena, hupashwa moto ili yasiharibike, na kutiwa chupani. Kinachotakiwa ni usafi, vipimo na subira.

Kwa upande wa Serengeti, vijiji vinavyopakana na hifadhi vina adui mwingine, naye ni tembo. Hapo hatuwezi kumshauri mkulima apande migomba ili amlishe tembo. Lakini kule Kenya, karibu na Tsavo, imeonekana kwamba mizinga ya nyuki ikitundikwa kuzunguka shamba, tembo wengi huogopa kupita. Mizinga hiyo hutoa asali, na asali nayo hutoa divai. Watalii wanaokuja Serengeti kutoka pembe zote za dunia hukuta mezani mwa hoteli divai zilizosafiri maelfu ya kilomita. Hatuoni kwa nini wasikute pia divai ya Hombolo, ya asali ya Mugumu na ya ndizi za Tarime.

Wako wasomaji wetu, nao ni wengi, ambao dini yao imewakataza kileo. Hatuwaombi wakionje, wala gazeti hili halimsifu mlevi. Ulevi umebomoa nyumba nyingi katika mkoa huu, na Serikali ilifanya vyema ilipopiga marufuku pombe kali za viroba tarehe 1 Machi 2017. Tena kiwanda kile kile kinaweza kutoa maji ya matunda na siki, ambavyo kila mtu hutumia. Tunachosema ni kwamba lazima tutofautishe mambo mawili. Gongo hukerekwa mafichoni, haina kipimo, na huweza kumpofusha au kumuua mnywaji. Ina sheria yake tangu mwaka 1966. Divai ya matunda inayotengenezwa mahali palipokaguliwa, ikapimwa na kulipiwa ushuru, ni bidhaa halali ya nchi. Kumsaka mama mpika gongo usiku na kumnyima njia ya halali mchana ni kuizungusha kazi ya polisi isiyo na mwisho.

Na njia hiyo ya halali imejaa miiba. Mwananchi mwenye mtaji mdogo hutakiwa leseni, alama ya ubora ya TBS, na tangu mwaka 2019 stempu za kodi za kielektroniki. Kila moja ina sababu yake, nasi hatuombi hata moja ifutwe. Lakini hazipaswi kumfikia mnyonge kama kuta tatu zilizo katika ofisi tatu, kila moja ikimtuma kwa nyenziye. Serikali yenyewe, katika sheria zake za ushuru wa bidhaa, imekwisha kuonyesha nia njema kwa kuutoza kiwango kidogo mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya matunda yake yamelimwa nchini. Nia hiyo iliyoandikwa Dodoma yafaa ionekane pia Tarime, mezani kwa ofisa.

Kwa hiyo tunatoa wito. Halmashauri za Tarime na Serengeti zitumie sehemu ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kuanzisha walau kiwanda kimoja kidogo cha ushirika katika kila wilaya, chenye maji safi na matangi. SIDO, ambayo iliundwa mwaka 1973 kwa kazi za namna hii hasa, itoe mafundi na vyombo. Maofisa wa TBS na wa kodi waende huko siku moja, wakae meza moja, wamwelekeze mwananchi kabla hawajamtoza faini. Wenye hoteli za Serengeti waahidi kununua, ili kiwanda kisijengwe bila soko, kwani ndivyo Dodoma ilivyoumia.

Mwaka huu mikungu itaiva tena Tarime, na lori litachelewa tena. Tangi moja tu likiwa tayari, mkulima atakuwa na pa kusimama atakapotajiwa bei.