Kiharusi: Aspirini Ngojeni Kwanza

Mzee anaamka Alfajiri, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Mmoja nyumbani anasema kapigwa na upepo, mwingine anakimbilia aspirini. Hapo ndipo penye hatari. Kiharusi kina aina mbili: mshipa wa ubongo umezibwa na damu iliyoganda, au umepasuka na damu inavuja. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Dawa ya kuyeyusha donge, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, humwokoa wa kwanza na yaweza kumuua wa pili.

Kinachotenganisha ni picha ya CT, na mashine hiyo wengi wetu tunaifuata mbali. Ndiyo maana mimi naufuatilia utafiti wa protini iitwayo GFAP, iliyomo ndani ya seli za ubongo. Mshipa ukipasuka, seli huraruka upesi na protini huingia kwenye damu mapema. Mshipa ukiziba, seli hufa polepole, nayo huchelewa. Si kipimo kamili: mvujo mdogo waweza kupita bila kuonekana, na baadhi ya uvimbe wa ubongo nao huipandisha. CT itabaki.

Lakini kikikamilika, rai yangu ni kianzie hospitali za wilaya, si mijini penye mashine tayari. Huko ndiko madaktari wanakobahatisha.

Kwa sasa, aspirini ikae kabatini. Andikeni saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, na kabla ya kupanda gari ulizeni ni hospitali ipi yenye CT inayofanya kazi.